Chakula cha Mchana Katika Chumba cha Mashine ya Moyo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitalini saa kumi na mbili na robo asubuhi, na zamu ilikuwa inaanza saa moja na nusu. Nilikuwa nimeipiga pasi ya mkaa ile sare nyeupe mara tatu, na kola ilikuwa imeungua kidogo upande wa nyuma, kwa hiyo nilitembea nikirudisha shingo nyuma ili mtu asione. Hospitali ilikuwa mjini Shinyanga, wodi ya wanaume, na aliyenipokea ni Mkuu wa Wodi, mama mrefu mwembamba ambaye sauti yake haikupanda hata siku moja katika miaka yote niliyofanya naye kazi.

"Shikamoo, Sista," nikasema.

"Marahaba. Saa yako iko wapi?"

Nilikuwa na saa ya mkononi, ndogo, ya urembo, zawadi ya mjomba. Akaitazama, akaona haina mshale wa sekunde. Akafungua ile saa ya kubandika kifuani aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, akaibandika kwenye sare yangu.

"Muuguzi asiye na mshale wa sekunde ni mgeni tu aliyekuja kuangalia wagonjwa," akasema. "Utanirudishia ukinunua yako. Sasa nenda kapime mapigo ya vitanda vyote kumi na viwili."

Nyie vijana mnaonisoma mna kile kifaa cha kubana kidoleni, kinakuandikia namba mara moja. Sisi tulikuwa tunaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, tunatazama saa na kuhesabu. Wavivu wanahesabu sekunde kumi na tano, wanazidisha mara nne. Mimi nami, pamoja na hamu yote niliyokuwa nayo, nilikuwa mvivu. Kitanda cha saba alilala mzee mkulima wa pamba aliyekuwa ameharisha na kutapika kwa siku kadhaa. Nikahesabu robo dakika, nikazidisha, nikaandika themanini na nane.

Mkuu wa Wodi akapita na ile karatasi.

"Kitanda cha saba umehesabu dakika nzima?"

Nikaitazama ile saa kifuani.

"Rudi."

Nikarudi. Ile dakika sitaisahau. Mapigo yalikuja vizuri, moja, mbili, tatu, nne, halafu pakawa kimya. Kimya kirefu. Nikadhani vidole vyangu vimeteleza. Halafu yakaja mawili yamefuatana kama yanakimbizana, kisha yakatulia, kisha kimya tena. Nikaenda mbio kumwita, na Sista akanikemea kwa kukimbia wodini, lakini yeye naye alitembea haraka kuliko kawaida yake. Akashika mkono wa yule mzee, akasikiliza kwa vidole, akatuma mtu amwite daktari wa zamu.

Daktari alipomaliza kumpima alinigeukia mimi, mtu wa siku moja, akanieleza kana kwamba mimi ni mwenzake. Akasema kuharisha hakumwagi maji peke yake. Kunamwaga na chumvi za mwili, na mojawapo inaitwa potasiamu, ambayo misuli ya moyo inaihitaji ili ipige kwa mpangilio. Ikipungua sana, moyo unaruka mapigo, na ukiachwa unaweza kusimama. Akaagiza dripu yenye potasiamu, na akasimama mwenyewe akihesabu matone.

"Hii haiharakishwi," akaniambia. "Inaponya ikienda taratibu. Ikienda mbio, inaua."

Kesho yake mchana mapigo ya mzee yalikuwa yanatembea sawasawa kama mtu anayetwanga. Nilihesabu dakika nzima mara tatu, si kwa sababu niliagizwa, bali kwa raha. Tumbo ndilo lililokuwa limeharibika, na moyo ndio uliokuwa umeyumba! Nilirudi nyumbani nikimweleza kila niliyekutana naye njiani, hadi dada yangu akaniambia nikae chini nile.

Baada ya miaka kadhaa ililetwa mashine ya kupima umeme wa moyo, ile tunayoiita ECG. Mkuu wa Wodi aliuliza nani anataka kujifunza, na mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Kwa wasioijua: moyo unapiga kwa sababu kuna umeme mdogo sana unaouamuru, nao unaanzia kwenye vyumba vya juu kisha unateremka hadi vya chini. Mashine haimwingizii mgonjwa umeme, ingawa wagonjwa wengi wa kwanza walikuwa wananiuliza kama nitawapiga shoti. Inasikiliza tu. Unambana mgonjwa vibanio mikononi na miguuni, unampaka jeli kifuani na kubandika vikombe sita vya kunyonya, halafu karatasi yenye miraba midogo ya rangi ya waridi inatoka taratibu ikiwa imechorwa milima. Kwanza kilima kidogo, hicho ni vyumba vya juu. Kisha mlima mrefu mwembamba, vyumba vya chini. Kisha kilima cha mviringo, moyo unapumzika. Ukishaijua, unaisoma kama unavyosoma barua.

Nilihamishwa kwenda Ushirombo, kituo cha afya, nikakaa huko nikiwa nazalisha akina mama zaidi kuliko kupima mioyo. Kisha nikapelekwa kwenye hospitali moja ndogo katika eneo la machimbo ya dhahabu Geita. Jina lake sitalitaja, kwa sababu wengi wa wahusika wa habari hii bado wapo. Hapo ndipo nilipokutana na Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyekuwa mkuu wa hospitali nzima, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye Kiswahili laini na maneno makali. Na hapo ndipo nilipokutana na Masanja.

Masanja alikuwa mchimbaji mdogo, umri kama miaka thelathini na mitano, kifua kipana, mikono imekomaa kwa kamba za winchi. Alikuwa anashuka kwenye duara, lile shimo refu la kuchimbia mawe ya dhahabu, tangu alfajiri hadi mchana. Mara ya kwanza alikuja peke yake.

"Mwangaluka, Sista," akanisalimia kwa Kisukuma, maana alijua kwa lafudhi yangu kwamba mimi ni wa nyumbani.

"Mwangaluka, baba. Unaumwa nini?"

"Moyo. Unaruka kama chura ndani ya gunia. Jana jioni nilirudi kazini kuchukua kamba, ukaruka hadi nikaanguka karibu na mdomo wa duara. Wenzangu wamenishika miguu."

Nikampima. Karatasi ikatoka safi kabisa, milima yote imejipanga. Daktari akamwambia moyo wako mzima, pengine ni uchovu. Masanja akaondoka. Baada ya wiki mbili akaja tena, karatasi safi tena. Mara ya tatu aliletwa na mke wake, Mama Kulwa, mwanamke mwenye haraka aliyekuwa akiuza nguo sokoni, na nyuma yao, mbali kidogo, kwenye bomba la maji uani, alisimama bibi mmoja ameshika kibuyu cha uji. Hakusogea karibu. Macho yake yalikuwa mekundu sana na alikuwa akiyafuta kwa ncha ya kanga.

Nilipokuwa nampaka Masanja jeli, Mama Kulwa alinivuta pembeni.

"Sista, nikwambie ukweli ambao yeye hataki kusema. Yule bibi pale nje ni shangazi yake, Bi Kabula. Ndiye anayetupikia, mimi nashinda sokoni. Mume wangu akila tu chakula chake, moyo unaanza. Akila tu! Asipokula, hana shida."

"Nani mwingine anajua hili?"

"Kitongoji kizima wanajua," akasema, na hakunitazama usoni. "Juzi wamerusha mawe juu ya bati lake."

Wanangu, mimi nimezaliwa huku. Nilijua bibi mwenye macho mekundu akishaitwa mchawi na kuanza kurushiwa mawe, kinachofuata ni mapanga. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi na kwa ugonjwa ambao haukutibiwa, lakini nani angesikiliza? Nikamwaga jeli kwenye shuka.

Karatasi ya mara ya tatu nayo ikatoka safi. Lakini safari hii sikumwachia aende. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"Masanja, niambie siku yako, kuanzia kuamka. Unakula nini, saa ngapi, unafanya nini baadaye."

Akanieleza. Alfajiri chai ya rangi tu. Anashuka duarani. Anatoka saa nane au saa tisa mchana akiwa na njaa ya simba. Anakuta ugali mkubwa, maharage au dagaa, anaumaliza wote. Anashushia na soda mbili za baridi. Halafu anajilaza kwenye mkeka, na hapo ndipo chura anapoanza.

"Hapa kwangu unakuja saa ngapi?"

"Asubuhi yake. Nikiwa sijala, ili nipimwe vizuri."

Mara zote tatu nilikuwa nimempima mtu mwenye tumbo tupu!

"Umewahi kupata hali hii ukila mahali pengine?"

Akafikiri. "Msibani Katoro. Nilikula wali hadi nikashindwa kuinuka."

"Shangazi naye alikuwepo msibani," Mama Kulwa akadakia.

Nikaona jinsi lile shtaka lilivyojifunga lenyewe pande zote. Lingefunguliwa tu kama Masanja angekula na kuugua mahali ambapo mikono ya Bi Kabula haikufika, na mashine ikiwa inatazama.

Nikaenda ofisini kwa Mganga Mfawidhi. Nilieleza yote kwa pumzi moja, na mwisho nikasema: "Naomba ruhusa tumlishe mgonjwa chakula cha mchana juu ya kitanda cha ECG."

Akaweka kalamu chini. "Sista, hii ni hospitali. Hapa si kwa mama lishe."

"Najua, Daktari."

"Na kwenye faili niandike nini? Dawa, ugali, dozi, sahani moja?"

"Andika kipimo, Daktari. Tumempima mara tatu moyo ukiwa umelala. Tuupime ukiwa umeamka."

Akavuta fomu ya maabara, akaigeuza nyuma, akachora. Nikajua nimempata, maana alikuwa hachori kwa mtu anayemkatalia. Alichora umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, na mbele yake akachora moyo.

"Tazama. Umio unapita nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Wamegusana mgongo kwa mgongo kama watu wawili kwenye kitanda kimoja chembamba. Tumbo likijaa na kupanda, moyo unasukumwa." Akachora mstari mrefu kutoka kichwani. "Na huu ni mshipa wa fahamu, unatoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unatoa matawi kwenye moyo, kisha unateremka hadi tumboni. Tumbo likivimba ghafla kwa chakula na gesi, mshipa huu unapiga kelele, na moyo nao unasikia. Watu wengi unawapa mstuko mdogo tu. Lakini mwenye moyo ambao tayari umeme wake una udhaifu, unaweza kumvuruga kabisa."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Kwa masharti. Sindano ya kupitishia dawa iwe mshipani kabla hajaanza kula. Oksijeni iwe karibu. Mashine ya kustua moyo itoke chumba cha upasuaji ikae mlangoni. Mimi niwepo. Na huyo mgonjwa aelezwe hatari yote, akubali kwa kinywa chake." Akainuka. "Na mwenyekiti wa kitongoji chao aitwe aone kwa macho yake. Bila yeye, hiyo karatasi yako haitamsaidia yule bibi."

Bi Kabula tulimlaza wodi ya wanawake siku hiyohiyo ili atibiwe macho. Yalihitaji kutibiwa kweli, na pia sikutaka alale nyumbani kwake. Nilipokuwa namsafisha alinishika mkono.

"Sista," akasema kwa sauti ndogo, "mtoto huyu nilimlea tangu mama yake amfie akiwa ananyonya. Sasa kila nikimpikia, anaumwa. Nimeanza kuiogopa mikono yangu mwenyewe."

Nilimfunga bandeji nikatoka nje haraka.

Kesho yake saa saba mchana chumba changu cha ECG, ambacho kilikuwa hakizidi ukubwa wa jiko la nyumbani, kilijaa. Masanja, ambaye alikuwa amesikiliza hatari zote na kujibu, "Bora nianguke hapa kuliko duarani." Mama Kulwa ukutani amekunja mikono. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa Kisukuma mwenye kofia ya pama, ambaye kabla ya kuingia alikuwa amepelekwa wodi ya wanawake akamwona Bi Kabula kitandani, macho yote mawili yamefungwa bandeji. Mganga Mfawidhi mlangoni. Chakula kilitoka jiko la hospitali, ugali na maharage, na Mganga Mfawidhi alionja kwanza mbele ya wote, akasema chumvi haitoshi.

Nikatoa karatasi ya kwanza kabla ya kula. Safi. Nikampa mwenyekiti, nikamwonyesha milima ilivyoachana kwa nafasi sawa. "Hivi ndivyo moyo mzima unavyotembea," nikamwambia. Akaikunja vizuri.

"Haya, Masanja, kula kama unavyokula nyumbani."

Sijawahi kuona mtu akila kwa heshima namna ile! Vibanio vya mikono nilikuwa nimevipandisha hadi karibu na kiwiko ili asichovye waya kwenye mchuzi. Shida ilikuwa kwamba mgonjwa akitembeza mkono au akitafuna, mistari yote inachafuka, kwa hiyo kila baada ya matonge machache nilikuwa nampigia kelele: "Simama! Usitafune!" naye anatulia shavu limejaa, mimi nachapa, kisha namwachia. Akamaliza ugali. Akamaliza soda ya kwanza. Akamaliza ya pili. Karatasi safi.

Tukasubiri. Dakika tano. Dakika kumi. Karatasi safi. Mganga Mfawidhi akatazama saa yake.

"Si nilisema?" Mama Kulwa akasema. "Chakula cha watu wengine hakimdhuru."

Mwenyekiti akakohoa, akaanza kutafuta njia ya kutoka. Niliwaza juu ya yule bibi mwenye bandeji ng'ambo ya ua, kwamba badala ya kumwokoa nimempatia ushahidi wa kummaliza.

Ndipo Masanja akasema, taratibu, kama mtu anayeomba radhi: "Sista, nyumbani mimi huwa najilaza."

Kujilaza! Alikuwa ameniambia mwenyewe kwa mdomo wake, nami nikamkalisha wima kama mgeni wa harusi. Nikaondoa mito yote, nikamlaza chali. Akabeua mara moja, mbweu kubwa. Akageuka kidogo upande wa kushoto. Akashika kifua.

"Huyo," akasema. "Huyo amekuja."

Nilimtuliza mikono nikabonyeza, na karatasi ikaanza kutoka, na mimi nilikuwa nimeshaona kabla haijafika nje. Vile vilima vidogo vya mwanzo havikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari unaotetemeka kama maji yanayoanza kuchemka, na milima mirefu ilikuwa inakuja ovyo, miwili karibukaribu, mmoja mbali, mitatu imebanana, tena mbali. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinapapatika badala ya kupiga. Hiyo hali ilikuwa kwenye vitabu vyetu, lakini ikianzia tumboni, mbele ya macho yetu!

"Chapa!" Mganga Mfawidhi alipiga kelele, yule ambaye hajawahi kupaza sauti korido ile. "Chapa, Sista, usiache! Chapa!"

"Nachapa, Daktari!"

"Mmemwona?" Masanja akauliza. Amelala pale, moyo wake umevurugika, uso umejaa jasho, na anacheka. "Mmemwona chura wangu?"

"Tumemwona, baba! Tumemkamata!"

Mganga Mfawidhi alimsogelea mgonjwa, akampima presha, akampa dawa kwenye mshipa, akaagiza akalishwe wima. Alipohakikisha yuko salama ndipo akachukua karatasi mbili, ya kwanza na hii, akazishika mbele ya mwenyekiti.

"Mzee, chakula hiki kimepikwa na nani?"

"Jiko lenu."

"Nani alionja?"

"Wewe mwenyewe."

"Na Bi Kabula yuko wapi?"

Mwenyekiti alivua kofia, akaitazama ile karatasi, akapitisha kidole kwenye milima iliyovurugika. "Kwa hiyo ni ugonjwa," akasema.

"Ni ugonjwa. Moyo wake una udhaifu wa umeme, na tumbo lake ndilo linalouchokoza."

Nilipogeuka, Mama Kulwa hakuwepo ukutani. Alikuwa ametoka, na dirishani nilimwona anavuka ua akikimbia, kandambili moja imemvuka, hakurudi kuiokota. Nilipopata nafasi ya kwenda wodi ya wanawake, baada ya kama saa moja na nusu, moyo wa Masanja ukiwa umesharudi kwenye mwendo wake, nilimkuta Mama Kulwa amekaa kitandani kwa Bi Kabula akimnywesha uji kwa kijiko. Wote wawili walikuwa wanalia, yule mmoja chini ya bandeji. Nilirudi zangu bila kuingia.

Masanja tulimpeleka Mwanza kwa daktari bingwa, akaingizwa kamera ya kumulika tumbo. Wakakuta sehemu ya juu ya tumbo lake imepenya kupitia ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ikapanda juu, jirani kabisa na moyo. Akijaa chakula akajilaza, lile tumbo linapanda zaidi. Alipewa dawa za asidi ya tumbo na dawa ya kutuliza moyo. Akaambiwa ale kidogokidogo mara nyingi, asijilaze hadi saa tatu zipite tangu ale, aache soda, na asishuke duarani hadi moyo uzoee. Akahamia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kazi ya juu ya ardhi. Sitawadanganya kwamba alipona kama mtu aliyezaliwa upya. Chura alirudi mara chache, hasa siku za sikukuu. Lakini hakuanguka tena.

Mkutano wa kitongoji ulifanyika baada ya mwezi mmoja na kitu. Mwenyekiti alizileta zile karatasi mbili ndani ya bahasha, akazipitisha mkono kwa mkono, na wazee walikuwa wanazishika kwa ncha za vidole kama picha za harusi. Kisha Bi Kabula, macho yake yakiwa yamepona na kuwa meupe, alimletea Masanja sahani ndogo ya ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Masanja akala mbele ya watu wote, akiwa amekaa wima. Mimi nilishika kifundo cha mkono wake muda wote. Watu walikuwa wananitazama mimi, si yeye.

"Vipi, Sista?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Unatembea sawa," nikasema. "Sawa kabisa!"

Akina mama wakapiga vigelegele, na Bi Kabula akakaa chini palepale vumbini, akasema, "Wabeja, wabeja sana," yaani ahsante, sijui kwangu, kwa Mungu, au kwa mikono yake.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini, nikajenga Nyasubi, Kahama, karibu na soko. Mstaafu aliyekuwa muuguzi hapumziki. Majirani wanaleta presha zao barazani. Na huku kila mtu sasa ana "gesi". Kifua kikibana ni gesi, mapigo yakienda mbio ni vidonda vya tumbo, na duka la dawa liko hatua kumi. Hilo linaniudhi, kwa sababu wengine wameisikia habari ya Masanja wakaigeuza: wanadhani kwa kuwa tumbo linaweza kuuchokoza moyo, basi kila cha moyo ni tumbo. Tumbo na moyo wamekaa karibu mno, na anayelia si lazima awe ndiye aliyeumizwa. Ndiyo maana kuna kipimo.

Mwaka jana jirani yangu Mama Hamisi, muuza mchele, alikuja asubuhi.

"Shikamoo, Sista. Nisaidie magadi kidogo nitulize kiungulia, tangu alfajiri kinanisumbua."

"Marahaba. Kimeanzia wapi?"

"Hapa chemba ya moyo. Kimepanda hadi taya."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa, na asubuhi ile ilikuwa ya jua. Sikumpa magadi. Nilisimamisha bajaji nikiwa na kanga na ndala, nikampakia, na njiani kote alikuwa ananilalamikia kwamba ameacha mchele bila mtu.

Hospitalini alitupokea binti mmoja mdogo wa sura, tabibu aliyeajiriwa karibuni. Nilivuta pumzi ili nimweleze kila kitu: umri wa mgonjwa, jasho, taya, kwamba asimpe dawa ya tumbo kabla ya kumpima moyo, kwamba mimi nilifanya kazi hii miaka mingi. Nilifika kwenye neno "kiungulia". Binti alikuwa ameshavuta pazia, ameshamlaza Mama Hamisi, na vibandiko vilikuwa vinakaa kifuani kimoja baada ya kingine, mahali pake hasa. Karatasi ikatoka. Akaitazama kwa sekunde mbili, akamwita daktari kwa sauti ambayo haikutetemeka.

Ulikuwa moyo kweli, mshipa umeziba. Mama Hamisi aliwahiwa, na leo yuko sokoni anabishana bei.

Lakini siku ile, wakati wanamhudumia, yule binti alinigeukia kwa adabu, akasema, "Mama, naomba usubiri nje." Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, mikono mapajani, sina la kufanya, na mzee aliyeketi kando yangu akaniuliza kwa nini natabasamu peke yangu wakati nimeleta mgonjwa.